Santuri Alizoficha Mpiga Kinanda wa Kanisa

Mpiga kinanda wa kanisa akisharudi nyumbani jioni ya Jumapili, akavua viatu na kukaa kitako, husikiliza muziki gani? Wengi wetu sisi Waislamu wa pwani hatujapata kujiuliza swali hili. Twapita njiani, twasikia kinanda kikivuma kanisani, twaenda zetu. Twadhani kichwani mwa mtu yule mna nyimbo za ibada tu, kama vile jirani yake Mkristo anavyodhani kwamba msomaji wa maulidi hajui wimbo mwingine ila kasida.

Mimi jibu nililipata mwaka 1978, na nililipata kwa sababu kinanda changu kilitoboka.

Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka 19. Usiku wa kuamkia Ijumaa nilikuwa nikisoma maulidi pamoja na wenzangu wa chuoni, na sauti yangu ilisifiwa. Usiku wa Jumamosi nilikuwa nikipiga kinanda katika kikundi kidogo cha taarabu za harusini. Maalim wangu hakujua. Kinanda chenyewe kilikuwa kile cha Kihindi cha kukaa nacho chini, mkono mmoja ukisukuma mvukuto na mwingine ukitembea juu ya vibao. Ala iliyofaa mno taarabu ya Mombasa yenye mahadhi ya Kihindi, aina aliyoivumisha Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, Mungu amrehemu.

Mvukuto ulipopasuka nilizunguka Mji wa Kale mzima nisipate fundi. Mwisho nikaambiwa, "Nenda Kisauni. Kuna mzee wa Frere Town, karani mstaafu wa bandari, hupiga kinanda katika kanisa moja mjini. Chake hukitengeneza mwenyewe." Nikakifunga kinanda ndani ya shuka, nikavuka daraja la zamani la Nyali, lile lililokuwa likielea juu ya maji mpaka lilipojengwa hili la sasa mwaka 1980.

Frere Town, kwa asiyejua, ni kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kiingereza katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wazee wa pale ni Wakristo wa tangu babu zao, na Kiswahili chao ni cha hapa hapa petu. Mzee aliitikia shikamoo yangu, akakifungua kinanda, akakitazama tumboni, akacheka.

"Mwanangu, hiki ni mjukuu wa kile cha kanisani. Hukujua?"

Sikujua. Akanieleza, na baadaye nilikuja kusoma nikaona alisema kweli. Kinanda cha namna hii, kinachotoa sauti kwa vijembe vya madini vinavyotikiswa na upepo, kilitengenezwa Paris na fundi Alexandre Debain, aliyekipatia hati miliki karibu na mwaka 1840. Makanisa madogo yasiyoweza kununua kinanda kikubwa cha mabomba yakakipenda. Wamisionari wakakipeleka India. Huko Calcutta, mwaka 1875, Dwarkanath Ghose akakipunguza kikawa cha kupigwa kwa mkono, mtu akiwa amekaa chini. Kutoka hapo kikaingia katika kawali za Waislamu wa India, kisha kikavuka bahari hadi kwetu. Kwa hiyo mimi niliyekuwa nikikificha kwa maalim wangu, kumbe nilikuwa nimebeba kitu kilichowahi kuhudumu kanisani.

ZILIZOKUWA CHINI YA KITAMBAA

Gundi ilichukua siku mbili kukauka, na siku zote mbili nilikwenda. Mzee alikuwa na gramafoni, na kabati lenye santuri alizonunua kwa mabaharia bandarini Kilindini. Za juu zilikuwa za kinanda cha kanisa, nyingi zikiwa za Mjerumani Johann Sebastian Bach. Siku ya pili aliinuka akafunga mlango. Akaondoa kitambaa chini ya rundo lile, akatoa santuri nyingine. Hizo zilikuwa za jazi.

Nataka tuelewane hapa. Sisi tukisikia neno jazi twakumbuka bendi za dansi za Afrika Mashariki, za magitaa, zilizojipa jina hilo. Jazi aliyokuwa nayo mzee ni ile ya asili, ya watu weusi wa Marekani, na wapigaji wake, Fats Waller na Jimmy Smith, walikuwa wakipiga kinanda kama yeye.

"Wazee wa kanisa wakiziona hizi," aliniambia, "watasema nimelewa."

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Miaka mingi nyuma, baada ya ibada ya harusi, watu walipokuwa wakitoka nje, vidole vyake viliteleza kidogo vikaingia katika mwendo wa jazi. Hazikuzidi dakika mbili. Aliitwa kikaoni, akazuiwa kukigusa kinanda kwa miezi mitatu. Tangu hapo zile santuri zikakaa chini ya kitambaa.

KINANDA HAKIKUZALIWA NA DINI

Hebu tuitazame ala yenyewe. Kinanda cha mabomba hakikuanzia Ulaya wala kanisani. Kilibuniwa Misri, katika mji wa Iskandaria, karne ya tatu kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, na fundi aliyeitwa Ktesibios. Maji yalitumika kuusukuma upepo ndani ya mabomba. Warumi wakakichukua wakakitia katika viwanja vya michezo ya damu. Picha ya vijiwe iliyofukuliwa Zliten, nchini Libya, yaonyesha kinanda kikipigwa huku watu wakipigana mbele ya watazamaji.

Baghdad nako, katika karne ya tisa, ndugu watatu waliojulikana kama Banu Musa waliandika namna ya kuunda ala ya upepo inayojipiga yenyewe kwa nguvu za maji. Ama Ulaya ya magharibi, habari mashuhuri ni ya mwaka 757, Kaisari wa Constantinople alipompelekea Pepin, mfalme wa Wafaranki, kinanda kama zawadi ya kifalme. Ilipita miaka mingi kabla ya kinanda kukubalika makanisani. Basi anayesema ala hii ni takatifu tangu asili, na anayesema ni ya kipuuzi tangu asili, wote wawili wamesahau kilikotoka.

BACH NAYE ALIKARIPIWA

Mzee alipenda kunisimulia Bach kama tunavyosimuliana habari za mashehe wetu wa zamani. Bach alizaliwa mwaka 1685 akafa 1750, na hata leo wapiga vinanda wa makanisa humhesabu kuwa ndiye mkubwa wao. Mwaka 1705, akiwa kijana wa miaka 20, mpiga kinanda katika mji mdogo wa Arnstadt, aliomba ruhusa ya wiki nne. Akaenda kwa miguu mpaka Lübeck, zaidi ya kilomita 400, kumsikiliza bingwa Buxtehude. Alirudi baada ya karibu miezi minne.

Mwezi Februari 1706 wakubwa wa kanisa wakamweka kitako. Hawakumkaripia kwa utoro tu. Walimwambia kwamba anatia katika nyimbo za ibada madoido mageni na sauti za ajabu hata waumini wanapotea. Walimkumbusha pia kwamba hapo kwanza alikuwa akipiga mno, na alipoambiwa apunguze akapunguza kupita kiasi, kana kwamba amesusa. Yule ambaye leo huhesabiwa kipimo cha muziki wa kanisani aliwahi kushtakiwa kwa kuuharibu.

Na kuna jingine litakalowafurahisha wasomaji wa pwani. Bach alipokuwa Leipzig, akisimamia muziki wa kanisa la Mtakatifu Thomas, alishika pia, tangu mwaka 1729, kundi la wanamuziki lililokuwa likipiga katika mkahawa wa bwana Zimmermann. Naam, mkahawa wa kahawa hii hii, ambayo Wazungu waliijua kwa kupitia Yemeni na nchi za Waturuki. Katika miaka ya 1730 alitunga hata igizo la kuimbwa juu ya binti aliyegombana na baba yake kwa sababu hataki kuacha kahawa. Jumapili kanisani, na siku nyingine kahawani, kwa mikono ile ile.

MTOTO WA MHUBIRI

Huko Marekani, Thomas Waller alizaliwa New York mwaka 1904. Kwa unene wake walimwita Fats. Baba yake alikuwa mhubiri, na mtoto alikipiga kinanda cha mvukuto katika mahubiri ya barabarani. Baba hakuitaka jazi hata kuisikia. Kwake ilikuwa muziki wa shetani. Lakini kijana, akiwa na miaka kama 15, akapata kazi ya kupiga kinanda katika thieta ya Lincoln, mtaa wa Harlem, wakati sinema zilikuwa bado bubu. Hapo ndipo Count Basie, aliyekuja kuwa mkubwa wa jazi, alipojifunza kinanda, akikaa karibu na kuitazama miguu ya Waller kwenye kanyagio.

Novemba 1926 kampuni ya santuri ya Victor ilimpeleka Waller katika chumba chake cha kurekodia Camden, New Jersey. Chumba hicho kilikuwa ndani ya jengo lililokuwa kanisa la Wabatisti, nacho kilikuwa na kinanda kikubwa cha mabomba. Mtoto wa mhubiri akaketi akapiga bluzi. Na mtu huyu huyu alimpenda Bach kwa dhati. Alikufa mwaka 1943, akiwa safarini ndani ya treni, umri wake miaka 39.

Wako pia waliotembea njia ya kinyume. Thomas Dorsey, mwana wa mhubiri wa Georgia, alikuwa mpiga piano wa bluzi mwenye jina katika miaka ya 1920. Mwaka 1932 mkewe alifariki katika uzazi, na mtoto naye akafa. Katika msiba huo Dorsey alitunga wimbo wa dini ulioenea duniani kote, na mwaka huo huo akaanza kuongoza kwaya katika kanisa la Pilgrim, mjini Chicago. Hapo kwanza wachungaji wengi walizikataa nyimbo zake, kwani waliusikia ndani yake ule mwendo wa bluzi. Walisikia sawasawa. Lakini waumini wenye majonzi yao walisikia kitu kingine.

MASHINE MOJA, MAVAZI MAWILI

Mwaka 1935 Laurens Hammond wa Chicago, fundi wa saa ambaye hakuwa mwanamuziki, alianza kuuza kinanda cha umeme. Alikusudia makanisa yasiyo na fedha za mabomba. Watengenezaji wa vinanda vya mabomba wakapandwa na hasira, na tume ya serikali inayosimamia haki katika biashara ikaingia kati. Likafanywa jaribio katika kanisa la Chuo Kikuu cha Chicago. Kinanda cha mabomba cha thamani ya kama dola 75,000 kikapigwa kwa zamu na cha Hammond cha dola 2,600, huku wanamuziki na watu wa kawaida wakisikiliza wabahatishe kipi ni kipi. Mawakili wa Hammond walidai kwamba karibu nusu ya majibu yalikuwa ya makosa au ya kubahatisha. Upande wa pili ukalalamika kwamba kile cha mabomba kilichezewa. Mwaka 1938 tume iliikataza kampuni kutoa baadhi ya madai katika matangazo yake, kama lile la kwamba mashine yake ni sawa na kinanda cha mabomba cha dola 10,000.

Katika miaka ya 1950 kampuni hiyo ilitoa vinanda viwili, B-3 na C-3. Ndani ni mashine ile ile. Tofauti ni kabati: B-3 ina miguu minne iliyo wazi, na C-3, iliyopendwa makanisani, ina ubao wa kusitiri miguu ya mpigaji, jambo lililowafaa hasa akina mama. Kimoja kikaenda kilabuni, kingine kikavaa stara kikaenda kanisani! Jimmy Smith alikichukua hicho cha miguu wazi, na santuri yake moja, iliyotoka mwaka 1959, aliiita The Sermon, maana yake mahubiri. Upande wake wa kwanza ni kipande kimoja cha dakika kama 20, na kila mpigaji husimama kwa zamu kusema lake.

KWA NINI WAPIGA VINANDA HUPENDA VYOTE VIWILI?

Nilimuuliza mzee swali hili. Hakunijibu kwa hotuba. Aliweka Pasakalia ya Bach. Miguu peke yake inaanza, na mahadhi mafupi mazito. Kisha mahadhi hayo hayo yanarudi na kurudi, na juu yake mikono inabuni mapya, mara 20. Halafu akaweka Jimmy Smith. Miguu inatembea chini, bluzi ya mapigo yale yale inazunguka na kuzunguka, na mkono wa kulia unabuni.

"Umesikia? Chini mtu ametulia, juu anatafuta."

Nikasikia. Tena nikafahamu kwamba nayajua mambo haya. Mpiga udi wetu akianza taksimu kabla ya wimbo, hufanya nini? Hana karatasi. Ana makamu, ana mipaka yake, na ndani ya mipaka hiyo anatafuta njia. Mpiga kinanda wa kanisa naye, bibi harusi akichelewa mlangoni, hawezi kunyamaza. Hubuni papo hapo mpaka afike. Bach alisifika kwa kubuni hivyo, na jazi bila kubuni si jazi. Ndiyo maana ladha hizi mbili hukutana ndani ya mtu mmoja kuliko tunavyodhani.

Hata hivyo si haki kuwadharau wale wazee wa kanisa. Hoja yao ina uzito, na si yao peke yao. Mwaka 1903 Papa Pius wa Kumi alikataza piano, ngoma na matoazi kanisani, akakiruhusu kinanda, kwa kuwa hakutaka muumini asikie ibadani mambo ya thieta. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikipa tena heshima kinanda cha mabomba, ila ukafungua mlango kwa ala nyingine zinazofaa ibada. Sisi Waislamu twaijua hoja hii vizuri, maana mabishano yetu juu ya dufu na ala hayajaisha, na hukumu yake wanayo wanazuoni, sio mimi wa gazetini.

Mzee mwenyewe aliikubali hoja hiyo. "Walinikosoa kwa haki," alisema. "Wale watu walikuja kumwomba Mungu, sio kuja kunisikiliza mimi. Kila mahali pana haki yake. Lakini kosa langu kubwa halikuwa lile la dakika mbili. Ni hili la kitambaa. Miaka 20 nawaacha waniamini kuwa mtu nisiye."

Kisha akanitazama. "Na wewe maalim wako ajua?"

AHADI YANGU

Kinanda kilipona. Hakutaka malipo, alitaka nimpigie wimbo mmoja, nikapiga. Lakini lile swali lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilijua nikisema naweza kuondolewa katika maulidi, na mama yangu alikuwa akijivunia sauti yangu kuliko chochote nilichokuwa nacho. Ilinichukua wiki tatu. Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, nilibaki nyuma nikamweleza maalim yote: kinanda, harusi, na hata mzee wa Frere Town.

Alinyamaza muda mrefu. Hakuniambia ni halali, wala hakunifukuza. Alisema tu, "Mwaka huu hutasoma. Mwaka ujao, ukitaka, njoo. Ila ukiingia Mfungo Sita, kinanda kisiguswe mpaka mwezi uishe." Mwaka ule nilikaa nyuma kabisa, nikiitikia pamoja na watoto, na mama hakuniuliza kitu. Mwaka uliofuata nilisoma.

Mzee alifariki mwaka 1991. Nilikwenda matangani Kisauni. Baada ya siku chache binti yake aliniita akaniuliza kama najua baba yake alikuwa akisikiliza nini nyakati za usiku mlango ukiwa umefungwa. Nilimwonyesha kabati na kile kitambaa. Katika nyumba ile ya watu wengi, na kanisa lile alilolihudumia umri wake wote, hakuna aliyejua ila kijana wa Kiislamu aliyekuja kutia gundi kinanda chake.

Santuri alinipa mimi. Za Bach na za jazi ziko rundo moja, juu ya meza, bila kitambaa. Kinanda nacho ningali nacho, na kila mwaka ukiandama mwezi wa Mfungo Sita nakifunga katika shuka.